Mwalimu Aliyetufundisha Kujisifu kwa Kijerumani

Sauti yake ilikuwa ikifika kabla yake. Ukiwa umekaa barazani hapa Bofu, wasikia kwanza salamu, kisha kikohozi, kisha salamu tena kwa jirani wa pili, na ndipo umwone mama mwenyewe, leso mabegani, apinda kona. Wako wanaosema siku za upepo sauti ile ilifika hadi Mtongwe, na wanamaji kambini wakasimama wima wakidhani wameamrishwa. Mimi ni mmoja wa wanaosema hivyo, na sioni sababu ya kuacha.

Tulimwita Mwalimu, basi. Walimu Likoni ni wengi kuliko samaki, lakini ukimwambia mtu wa bodaboda "nipeleke kwa Mwalimu" bila kuongeza neno, anakushusha mlangoni kwake. Alifundisha Kijerumani. Miaka mingi alikifundisha ng'ambo ya feri, kisiwani, katika shule ya sekondari, na alipostaafu hakukiacha. Alikihamishia nyumbani tu, kama mtu anayehama na kuku wake. Na jioni nyingine alikuja kutufundisha katika shule ya watu wazima, ambako mimi nilikwenda kumalizia kidato cha nne nikiwa tayari na mke, watoto na kitambi.

Kijerumani sikukichagua kwa mapenzi. Nilikichagua kwa sababu chumba chake ndicho kilichokuwa na feni. Alilijua hilo tangu siku ya mwanzo.

"Baba Riziki," akaniuliza mbele ya darasa, "wewe umekuja kusoma ama umekuja kupunga upepo?"

"Vyote viwili, Mwalimu."

"Haya. Upepo umefaulu. Tungoje hicho cha pili."

Nilitoka pale na cheti ambacho mpaka leo kimetundikwa sebuleni juu kuliko saa, na Kijerumani cha kumtosha mtu kuamkia na kuomba radhi kwamba hajui zaidi. Chanifaa. Mimi ni karani wa geti katika yadi moja ya makontena kule Magongo, na dereva mkorofi nikimwamkia kwa Kijerumani hunyamaza ghafla akidhani mwenye yadi ni mimi.

Darasa lake la nyumbani lilikuwa sebule yenye makochi yaliyosukumwa ukutani na ubao mweusi uliosimamishwa juu ya meza ya cherehani. Viatu tulivua nje. Ukipita njiani alasiri ulijua nani yumo kwa kutazama viatu tu: ndara za wanafunzi wa sekondari, buti za askari mmoja wa kambini, viatu vyeusi vya wahudumu wa hoteli wanaotaka kuongezwa cheo. "Viatu nje na aibu nje," alikuwa akituambia mlangoni. "Humu ndani mtu atakosea mpaka achoke kukosea."

Kwa chaki alikuwa bahili asiyesemeka. Aliiandikia mpaka ikaisha, na nahisi mistari ya mwisho ilikuwa ikiandikwa kwa kucha. Lakini mtu huyo huyo hakuruhusu mwanafunzi atoke bila kutia kitu mdomoni. Mihogo ya nazi, viazi karai, kaimati siku za Ramadhani baada ya kufuturu. Ukimwambia umeshiba alikutazama kama uliyemtukania ukoo.

Alichukia umbea. Alikuwa na hotuba nzima juu ya umbea, jinsi unavyokula mji. Aliitoa kwa sauti ile ile ya kuamrisha wanamaji, akamaliza, akamimina chai, kisha akasogeza kiti chake karibu na mke wangu: "Haya, na yule mume akasemaje?"

Ujerumani alifika mara moja tu, kwa mafunzo mafupi ya walimu, na aliporudi hatukusikia habari ya majumba wala treni. Alituhadithia habari ya duka la mikate. Alikuwa akingoja mtu amuulize nyumbani hawajambo, na kila siku hapana aliyeuliza. Mwisho uzalendo ukamshinda, akamuuliza yeye mwenye duka: mama yako hajambo? Yule bwana akasema mama amefariki mwezi uliopita. "Akaanza kulia," Mwalimu akatwambia, "na mimi nikaanza kulia, na foleni ya watu nyuma yetu kila mmoja ashika pesa yake mkononi. Hapana aliyeguna. Nikajua hawa nao ni watu, ila wangoja waulizwe."

Na lafudhi yake! Kijerumani alikijua hadi mizizi, lakini alikisema kwa mwendo wa Kimvita, pole pole, kila neno limepewa nafasi ya kukaa. Mzee mmoja Mjerumani aliyeoa huku Likoni alipomsikia alisema ni kama lugha ya kwao imetiwa tui la nazi. Sijui kama hayo ni maneno yake au nimeyapamba mimi. Lakini alisema kitu, na alikuwa akicheka.

Sasa nije kwenye sifa, maana hapo ndipo hadithi yetu ilipokwama na ndipo ilipokwamuka.

Sisi watu wa huku hatujisifu. Mpishi aliyepika biriani ya kumfufua maiti ukimsifu hukwambia, "Ah, nimebabaisha tu." Mwenye ghorofa hukualika kibandani kwake. Msomaji wa Kurani aliyewatoa watu machozi husema anajaribu. Mimi peke yangu ndiye niliyezaliwa na kasoro hiyo ya kutoona haya, na mamangu amehangaika nayo tangu nikiwa mdogo.

Mwalimu alikuwa amezidi wote. Kulikuwa na harusi ya mwanafunzi wake wa zamani, kule Timbwani, na mshereheshaji akashika kipaza sauti akaanza: tunaye hapa mama aliyemtoa bwana harusi wetu kwenye kiza akamtia kwenye nuru. Watu wakageuka kumtazama. Kiti kitupu. Tulimkuta uani, amejifunga leso kiunoni, akoroga pilau na wapishi waliokodiwa.

"Mwalimu, waitwa mbele."

"Waambieni niko kazini," akasema, na hakutoka mpaka kipaza sauti kilipozimwa.

Kitu alichokipenda kuliko pilau na kuliko tamthilia zake za jioni ni kumtafutia mtu ufadhili. Wengine wakifungua simu hutazama picha za harusi. Yeye alitazama matangazo ya vyuo. Nani afadhili wanaosoma lugha, mwisho wa kuomba ni lini, wanataka cheti cha ngazi gani. Aliweza kukusimamisha pale watu wanaposhuka ferini, umati wakusukuma, akakuuliza, "Wewe, yule mtoto wako alipata alama gani?" Ukimjibu ulikuwa umekwisha.

Maana mtoto anayesomea Kijerumani chuo kikuu ana taabu ya peke yake. Anayesomea udaktari au uhandisi, kamati za basari za mtaani, hizo zinazogawa pesa za ada, zamwelewa. Huyu wetu akiingia mzee wa kamati huvua miwani: "Kijerumani? Huyo atamfanyia nani kazi hapa Likoni?" Wakapita kwa anayefuata. Mwalimu hakuwalaumu. "Mwenye lugha yake ndiye ana haja ya kuona yasomwa," alisema. "Tumuendee yeye." Na kweli aliwaendea, kwa barua pepe ndefu zilizoanza kwa kuwauliza nyumbani hawajambo.

Riziki ndiye kifungua mimba wangu. Sauti yake ni ya chini hata nyumbani twamuuliza mara mbili mbili. Alianza kwenda kwa Mwalimu akiwa kidato cha pili, akinisindikiza kwanza, kisha mimi nikawa ndiye ninayemsindikiza yeye, kisha hakuhitaji kusindikizwa. Kijerumani kilimkaa kama nguo aliyopimiwa. Alipomaliza sekondari alama zake zilimtosha kusomea uuguzi, na nyumba nzima ikafurahi, mamangu mbele, kwa kuwa ana miguu inayouma na alikuwa ameshapanga nani ataikanda.

Mtoto akasema ataka kusomea Kijerumani.

Mwalimu alikuja mwenyewe kumkabili mamangu. Walisalimiana kwa muda wa kutosha kuchemsha maharagwe, kisha mamangu akaingia vitani.

"Mwanangu, Kijerumani cha n'ni? Mjerumani mwenyewe akija hapa yuwataka Kiswahili."

"Ndiyo, mamangu. Na yuwamtafuta wa kumfundisha."

"Wauguzi hawakosi kazi."

"Kweli hawakosi. Lakini huyu atakuwa muuguzi mwenye huzuni, na wewe ndiye atakayekukanda miguu."

Mamangu akafikiri habari ya miguu yake kukandwa na mtu mwenye huzuni.

"Na akikwama huko?"

"Akikwama ni juu yangu mimi," Mwalimu akasema. "Si juu ya babake wala juu yako. Nimemtia mimi, nitamtoa mimi."

Nimemsikia mtu akisema maneno mengi maishani, mengi yao yangu mwenyewe, lakini maneno hayo hayakuwa ya mdomoni. Aliyabeba kweli. Miaka miwili Riziki alipokuwa chuoni huko bara, Mwalimu alipiga simu kumuuliza amekula nini na amesoma nini, kwa mpango huo huo.

Kisha akakwama. Miaka hiyo miwili tulikuwa tumeibeba kwa mkopo wa serikali na kwa mfuko wangu na wa ndugu yangu aliyekuwa mpishi hotelini. Hoteli ikafungwa, ndugu yangu akarudi nyumbani na masufuria yake, na ada ya mwaka wa tatu haikuwa na pa kutoka. Chuo kikamkubalia aahirishe masomo mwaka mmoja. Mmoja tu, ukipita huo bila kurudi, nafasi yake inakwenda.

Mwalimu alikuwa na wakfu mmoja wa Ujerumani alioutupia jicho zamani, uliolipia wanafunzi wa lugha hiyo miaka yao miwili ya mwisho, ada na matumizi. Watu wanaomba, wachache wanaitwa kwa mahojiano ya kwenye kompyuta, kwa Kijerumani. Ukishindwa, unaruhusiwa kurudi mara moja zaidi, basi. Riziki akaomba. Akaitwa.

Mahojiano yalifanyiwa sebuleni kwa Mwalimu, asubuhi, kwa sababu pale mtandao haukatiki. Mimi na yeye tulijificha nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Kwa upenyo wa pazia tuliona kwenye kompyuta watu watatu, na aliyesema zaidi alikuwa mama mwenye mvi na miwani myekundu. Mimi nasikia sauti tu, maana siipati, Mwalimu anifasiria kwa mnong'ono, na mnong'ono wake nyinyi mnaujua sasa. Nilikuwa nikimziba mdomo kwa leso.

"Wamuuliza ana n'ni yeye ambacho wenzake hawana."

Riziki akainamisha macho, akajibu pole pole.

"Asemaje?"

"Asema hana la kuwashinda wenzake. Alilo nalo amepewa na Mungu, na wazazi, na mwalimu wake. Na kama wako wengine wanaofaa zaidi, yeye ataridhika."

Tukatazamana pale nyuma ya pazia. Wallahi, niliona kifua changu kimekua hata kifungo cha shati kikalalamika. Mwalimu alikuwa akifuta machozi.

"Sarufi haina doa," akasema.

"Na adabu, Mwalimu! Na adabu!"

Tukanywa juisi ya ukwaju jagi zima kama watu waliokwisha kushinda.

Jibu lilikuja baada ya majuma machache. Walimshukuru, wakasifu lugha yake, wakasema hawakuona amefanya nini yeye mwenyewe, na hakuwashawishi kwamba anaitaka ile nafasi.

Mamangu hajaelewa mpaka leo. "Mtoto kawa mpole, wakamnyima. Angewatukana je?"

Juma zima baraza la Mwalimu halikuwa na kiatu hata kimoja. Tulisema ana homa. Kisha akaniita, na nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, si chake.

"Kosa ni langu, Baba Riziki."

"Mwalimu, usiseme hivyo."

"Nyamaza unisikize. Huku ukiulizwa umekula, wasema nimeshiba. Mwenyeji ajua wamdanganya, akulazimisha, nawe ukala. Ndivyo tulivyolelewa. Kule ukisema nimeshiba, wanaondoa sahani. Hawana ubaya, wamekuamini tu. Yule mama wa miwani alimuuliza mtoto una n'ni, naye akamwambia sina, akangoja alazimishwe." Akapiga goti lake kofi. "Na mimi nyuma ya pazia nalia kwa furaha! Nimewapa watoto lugha nzima, nikasahau kuwapa hilo."

Tangu siku hiyo nusu ya pili ya kila darasa ikawa ya kujisifu. Msidhani ni jambo jepesi. Kulikuwa na kijana wa Kigiriama, Kazungu, anayetandika vitanda katika hoteli moja pwani ya kusini, kijana wa miraba minne anayebeba godoro kwa mkono mmoja. Akaambiwa asimame, aseme kwa Kijerumani jambo moja analolifanya vizuri. Jasho likamtoka kama amekula pilipili.

"Mwalimu, siwezi kuanza na habari za mwenzangu?"

"Wewe ndiwe tunayekutaka. Sema!"

"Nyumbani wakinisikia je?"

"Kwa Kiswahili mamako yuwakusikia," Mwalimu akamwambia. "Kwa Kijerumani hayuko. Sema, mwanangu. Hapana atakayekushtaki."

Kazungu akafumba macho, akasema anatandika kitanda kikawa hakina kunyanzi, na darasa zima likapiga makofi.

Juma lililofuata nikaitwa mimi. Sikuitwa kama mwanafunzi. Niliitwa kama bingwa. "Katika Likoni nzima," Mwalimu akawaambia, "hapana mtu asiyeona haya kama huyu. Mtazameni anavyofanya." Nikasimama mbele ya ubao, nikaweka mikono kiunoni, na kwa Kiswahili, kwa kuwa Kijerumani changu kinaishia kwenye kuomba radhi, nikawaeleza kwamba bila mimi bandari ya Kilindini ingefungwa kesho, kwamba kontena likiniona linajipanga lenyewe, kwamba meli haing'oi nanga bila kunipigia honi ya kuniaga. Watoto wakacheka mpaka mmoja akaanguka kochini. Riziki alijifunika uso kwa mtandio.

"Keti," Mwalimu akasema. "Hizo ni hadithi. Mimi nataka kweli, ila isemwe kichwa kikiwa juu. Hebu simama tena. Umefanya n'ni wewe, kweli kweli?"

Nikasimama, na mara hii mikono sikuiweka kiunoni.

"Nilimaliza kidato cha nne," nikasema. "Nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nikitoka kazini Magongo, navuka feri, naingia darasani na shati la kazi. Wenzangu waliacha. Mimi sikuacha."

Sauti ilikuwa yangu lakini sikuijua. Ilikuwa ndogo kama ya Riziki. Hapana aliyecheka.

"Hiyo," Mwalimu akasema. "Hiyo ndiyo."

Nilipogeuka nikaona Riziki amekwisha kushusha mtandio, ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza anione.

Yeye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alifanya kazi mwaka ule, mapokezi ya nyumba moja ya wageni, na jioni akaja kufanya mazoezi. Aliweza kusema anapenda kusoma, anajitahidi, anajaribu. Akifika penye "nimefanya" ulimi unajikunja. Siku moja akalia.

"Mwalimu, nikisema nimefanya mimi, na wewe je? Si wewe uliyenifundisha?"

"Mimi nitoe."

"Nitakutoaje?"

"Niache barazani na viatu," akasema. "Wale hawanilipii mimi ada. Ukinitaja mimi wataniona mimi, wewe hawatakuona. Ndoo hapa mbele, tuanze tena."

Mara ya pili alipoitwa, miezi ilikuwa imebaki michache ya ule mwaka wa kuahirisha. Asubuhi ileile, sebule ileile, na nyuma ya pazia sisi wawili. Mwalimu alinishika mkono juu ya kiwiko, na nawaambia alama za vidole ninazo mpaka leo. Yule mama wa miwani myekundu alikuwepo tena. Alimkumbuka. Swali likaja, na nililijua hata kabla ya kufasiriwa, kwa jinsi Mwalimu alivyoacha kuvuta pumzi.

Riziki hakuinamisha macho.

Mwalimu akanifasiria, lakini kwa sauti ya chini kweli, mara ya kwanza na ya mwisho. "Asema, mimi ni mwanafunzi hodari. Asema, mwaka huu nimekuwa nje ya chuo na sikuacha kusoma hata juma moja. Asema, mgeni mmoja mzee aliugua pale ninapofanya kazi, mkewe hajui Kiingereza wala Kiswahili, nikakaa nao hospitalini nikifasiri baina yao na daktari, na yule mzee akapona. Asema, nimekusanya maamkizi ya wazee wa Kidigo kule kwetu, nimeyafasiri kwa Kijerumani, na nimeandika kwa nini hayafasiriki. Asema, nataka nafasi hii, na nikipewa sitaiharibu."

Nikatazama dari kama litatuangukia. Lilikaa.

Yule mama akauliza jambo jingine, Riziki akajibu, akauliza tena, wakacheka kidogo wote wanne. Kisha ikaisha, wakaagana. Mimi nikageuka kumpongeza Mwalimu, nikamkuta ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Umesikia?" akasema kwa ndani ya viganja.

"Nimesikia, Mwalimu. Kasema vizuri."

"Hakunitaja! Mwanzo hadi mwisho, hata mara moja, hakunitaja!" Na akaanza kucheza pale pale ukumbini, mama mzima, leso yamwanguka.

Baada ya hapo tukangoja. Kungoja kule sikukueleza kwa mtu. Mimi niliyezoea kueleza kila kitu. Mwalimu alikonda. Presha yake ikapanda, daktari wa zahanati akamwambia apunguze chumvi na mawazo, akapunguza chumvi. Wanafunzi walisema hasikii tena wakikosea. Nikipita kumjulia hali, husimama kabla sijafika mlangoni, anitazame uso, kisha akae tena bila kuuliza.

Simu ya Riziki ilinikuta getini Magongo, lori limesimama mbele yangu.

"Baba. Wamenikubali."

Lile lori nililipitisha bila kulikagua. Kama lilikuwa limebeba ndovu, wamepita.

"Mpigie Mwalimu!" nikasema.

"La, Baba. Nenda wewe. Mimi niko kazini mpaka jioni, na jambo hili sitaki alisikie kwenye simu akiwa peke yake na presha ile. Nenda ukae naye."

Nikaomba ruhusa, nikaenda. Sijui nilivuka vipi. Nakumbuka kwamba kabla feri haijagusa upande wa Likoni, mama muuza mapera, mhubiri mmoja na askari wawili walikuwa wamekwisha kunipa mkono, na kuna mtu nisiyemjua alinikumbatia.

Nilimkuta anapiga pasi. Mlango wazi, feni yazunguka, dera limetandazwa juu ya meza. Aliponiona hakusimama. Aliishika pasi tu, juu juu, haijagusa nguo.

"Hodi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Wamemkubali."

"Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi."

"Miaka yote miwili?"

"Yote miwili, Mwalimu. Ada na kula na kulala. Arudi chuoni muhula ujao."

Akaisimamisha pasi. Akaichomoa kwenye umeme, kwa utaratibu, kama mtu aliyefundishwa. Akakaa kwenye kochi. Mimi nikaanza maneno yangu, mnanijua: kwamba Likoni nzima itachinja, kwamba mamangu atacheza na miguu ile ile mibovu, kwamba Ujerumani yenyewe lazima leo imepandisha bendera. Nilikuwa nimefika mbali nilipoona sijibiwi.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, mikono imefunguka mapajani. Nilishtuka, nikasogeza sikio. Akakoroma. Mkoromo mzito, wa raha, na hapa sitii chumvi hata chembe.

Wanafunzi walianza kuja alasiri. Nikawasubiri barazani, kidole mdomoni.

"Mwalimu mgonjwa?" Kazungu akauliza.

"Hajambo kabisa. Amelala."

"Amelala! Mchana?"

"Riziki amepata."

Kazungu akataka kupiga kelele, nikamwonyesha ngumi. Akaimeza kelele ile, mashavu yakamjaa, akamkumbatia aliye karibu naye, na wakaondoka wote kwa ncha za vidole, wakicheka kwa mabega.

Mimi nikarudi ndani. Dera lilikuwa halijamalizika upande mmoja. Nikachomeka pasi nikalimalizia, vibaya, lakini sikuliunguza.

Alifungua macho adhana ya magharibi ilipoanza.

"Nimelala?"

"Umelala, Mwalimu."

"Na watoto?"

"Walikuja. Nimewarudisha." Nikajikaza, nikingoja kuitwa majina.

Akaisikiliza adhana mpaka ikaisha, akaitikia dua yake, kisha akavuta mto wa kochi akauweka chini ya kichwa.

"Niamshe kabla ya isha, niswali hii na ile alasiri iliyonipita," akasema, macho yamekwisha kufumba. "Na kesho pia waambie wasije."